Nati Mpya ya Lango la Maji

Hasira zangu zinajulikana. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mimi naweza kugombana hata na msumari, na hakukosea. Lakini kuna wiki moja katika maisha yangu ambayo hasira hazikunifaa kitu, na nimeibeba kifuani miaka mingi mno bila kumsimulia mtu. Wengi walioijua wamekufa. Nimebaki mimi, na mimi si kijana.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakati wa ukoloni. Nilikuwa fundi wa mitambo katika karakana moja mjini Embu, umri wangu kama miaka ishirini na minane, mikono yangu imeota sugu na kichwa kimejaa majivuno. Siku moja niliitwa ofisini nikapewa pasi ya kuvuka kwenda upande wa Meru. Wakati huo sisi Waembu, pamoja na Wameru na Wakikuyu, hatukuruhusiwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila karatasi, na nilipoona mhuri nilidhani napelekwa kizuizini. Kumbe ni kazi. Hospitali moja ya misheni, juu kwenye miteremko ya mlima, ilikuwa na mtambo mdogo wa umeme wa maji, na mtambo huo ulikuwa umezeeka.

Kusema umezeeka ni kuupa heshima. Lo! Siku niliyoingia kwenye kile kibanda cha mashine kando ya mto nilisimama mlangoni nikacheka. Bomba lililoleta maji kutoka mlimani lilikuwa linatoa machozi kila kiungo. Mkanda wa kuzungusha dainamo ulikuwa umetiwa viraka vya ngozi ya ng'ombe. Beringi zilikuwa zimelika hadi mhimili ukicheza. Kile chombo cha kudhibiti mwendo, ambacho kazi yake ni kupunguza maji mashine ikizidi mbio, kilikuwa kimekufa zamani, na vipuri vyake vilikuwa vikingojwa kutoka ng'ambo miaka nenda miaka rudi. Hata koki kubwa ya kufunga maji mle kibandani ilikuwa imeshikwa na kutu, haiendi mbele wala nyuma. Kwa hivyo mashine nzima ilikuwa inatawaliwa na kitu kimoja tu: lango la chuma kule juu, kwenye tangi la maji, mwendo wa kama robo saa kwa mguu, karibu kabisa na msitu. Ukilifungua zaidi, mashine inakwenda mbio zaidi. Ukilifunga, inalala.

Mlinzi wa lango hilo alikuwa mzee mmoja Mmeru, mzee wa kanisa, mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufi asiyoivua ila wakati wa sala. Alikuwa pale tangu tangi lilipojengwa. Kila siku saa kumi na moja jioni alipanda kufungua, akashuka kabla ya saa ya kufungiwa ndani, na alfajiri akapanda tena kufunga. Lango liliinuliwa kwa skrubu ndefu yenye usukani juu, na kibao kilichopigiliwa pale kilisema mizunguko saba. Kibao hicho kiliachwa na wazungu waliojenga.

Aliponiona mara ya kwanza aliniambia, "Kumbe wametuletea Muembu! Umekuja kutufundisha jinsi maji yanavyoteremka?"

Nikamwambia, "Mzee, kwa jinsi mlivyoliacha hili bomba, naona hata hilo mlikuwa mmesahau."

Alicheka mpaka akajishika kiuno. Tangu hapo tukawa marafiki. Nilikula nyumbani kwake, kwa sababu mkewe hakutaka kusikia eti najipikia. Nilipokuwa nikiitukana boliti iliyokataa kutoka, alikuwa akisema, "Mwache apumzike, huyo naye ni mzee mwenzangu." Baada ya wiki mbili akaanza kuniita mwanangu, nami sikukataa. Baba yangu alikuwa amekufa nikiwa mdogo.

Nilifanya kazi wiki tano. Daktari wa hospitali, mzungu mpole asiyelala, alitaka taa za chumba cha upasuaji zisimchezee tena. Lakini aliyeniharakisha hasa hakuwa yeye, alikuwa Bwana DO, mzungu wa serikali aliyetawala sehemu ile. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani mwao na kurundikwa katika kijiji kimoja chenye ua, na kando ya kijiji palikuwa na kituo cha homugadi, wale askari wenyeji wa serikali, kimezungushiwa mtaro wenye miti iliyochongwa ncha. Serikali ilikuwa imevuta waya kutoka hospitalini ili ua wote uwe na taa. Taa zikififia, Bwana DO aliona watu wa msituni, wale waasi, kila kichaka.

Niliziba viungo vya bomba. Nikabadilisha mkanda. Nikamimina beringi upya. Mwisho nikapanda kwenye lango. Ile nati ya shaba iliyoshika skrubu ilikuwa imelika vibaya. Ukizungusha usukani, mzunguko wa kwanza wote unapotea bure, lango halitikisiki, ndipo linaanza kupanda. Ulegevu wa namna hiyo unaniudhi kuliko uongo. Nikatafuta shaba ya kutengeneza nati nyingine, mjini Meru kwa Mhindi wa vyuma hakuna, Embu hakuna. Basi nikaing'oa ile nati kuukuu, nikaiyeyusha pamoja na mabomba mawili mabovu ya maji, nikamimina kwenye mchanga, nikakata meno mapya. Ilitoka nzuri ajabu! Ukigusa usukani tu, lango linaitikia.

Nikajaribu mwenyewe mchana, mzee akiwa msibani hadi kesho yake. Nilifungua kidogo, nikashuka kibandani kutazama mshale wa kipimo cha umeme, nikapanda tena, hivyo hivyo mpaka miguu ikaniuma. Kwenye mizunguko saba kamili mshale ukasimama mahali pake. Nikasema, ala, wale wazungu walijua hesabu! Nikachukua rangi nyeupe nikapaka upya kibao, herufi kubwa: MIZUNGUKO SABA. Kesho yake mzee alipokiona alikitazama kwa muda, akanitazama mimi, akashuka. Hakusema neno, na yule hakuwa mtu wa kukosa neno.

Jioni ile ile, saa kumi na moja, alipanda kufungua. Mimi nilibaki kibandani, nimevaa shati safi, maana daktari alikuwa amesema atapita kuniona. Maji yakaingia. Gurudumu likaanza kuzunguka, mkanda ukavuma vizuri, mshale ukapanda, ukafika mahali pake. Nikatabasamu. Mshale haukusimama.

Ulipita. Nikadhani macho yananidanganya. Sauti ya mashine ikabadilika, ikaanza kulia, kisha kupiga kelele, na sakafu ikatetemeka chini ya viatu vyangu. Nikaishika ile koki yenye kutu nikajua ninajidanganya. Hapakuwa na simu ya kwenda juu. Zamani walikuwa wakigonga kipande cha reli kumpa mlinzi ishara, lakini Bwana DO alikuwa amepiga marufuku kengele, baragumu na kila kitu kinachosikika mbali. Ilikuwa lazima nipande mwenyewe.

Nikatoka, na hapo nikakumbuka kwamba siwezi kukimbia.

Ambaye hakuishi miaka ile hataelewa. Mtu mweusi anayekimbia kuelekea msituni saa za jioni alikuwa anapigwa risasi, na maswali yanafuata baadaye. Nilikuwa nimeona maiti mbili za watu waliokimbia. Mmoja alikuwa anamfukuza mbuzi wake. Basi nikatembea. Nilitembea huku mikono nimeiinua kidogo mbali na mwili, ionekane, na nyuma yangu naisikia kazi yangu ya wiki tano ikilia kama nguruwe anayechinjwa. Kila hatua moyo unaniambia kimbia, kila hatua naukemea. Jasho lilinitoka hadi kwenye vidole.

Katikati ya kilima homugadi wawili wakanisimamisha. Pasi! Nikaitoa. Mmoja akaishika juu chini, akaigeuza. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mashine inaharibika, huisikii?" Akasema, "Mimi nasikia. Simama." Niliuma meno mpaka taya likaniuma. Wakaniachia, nikatembea tena. Kule chini kukasikika mlio mmoja mkubwa, mkanda umeruka, halafu mlio wa chuma kinachosagana na chuma. Nilipomfikia mzee alikuwa ameshajifunga koti anataka kushuka.

"Funga!" nikapiga kelele. "Mzee, funga!"

Akafunga. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa usingizini. Lakini ilikuwa imekwisha. Beringi ya nyuma ilikuwa imeungua yote, yale madini meupe laini yaliyomo ndani yake yameyeyuka yakamwagika sakafuni, na karibu kila balbu ya hospitali na ya ua ilikuwa imekatika. Kabla giza halijaingia sawasawa homugadi walikuwa wamemfunga mzee kamba mikononi na kumpeleka kituoni.

Asubuhi Bwana DO akaja. Alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko mimi, mwenye bastola na Kiswahili chake kile cha mashamba ya walowezi. Akapanda kwenye tangi, akasoma kibao changu, akarudi kituoni akamuuliza mzee mbele yetu, "Wewe nafungua mara ngapi?"

"Nane," mzee akasema.

"Kibao nasema ngapi?"

"Saba."

"Kwa nini nane?"

Mzee hakujibu. Akaulizwa mara ya pili, na ya tatu. Mkubwa wa homugadi, mtu mnene wa kijiji hicho hicho ambaye alimfahamu mzee tangu utotoni, akampiga teke la mguuni. Mzee akaendelea kuangalia mtaro. Bwana DO akasema huo ni uharibifu wa makusudi, mtu ametumwa na watu wa msituni kuzima taa. Lori la kuchukua washukiwa litakuja Jumamosi, na huyu atapanda. Kisha akanigeukia mimi: mashine iwe inatembea kabla ya Jumamosi. Ilikuwa Jumatano.

Daktari alimwomba sana. Alisema mtu huyu ni mwaminifu, labda kuna sababu nyingine. Bwana DO akasema, "Kama iko sababu, fundi naleta. Mimi nangoja mpaka lori nakuja." Hivyo mzee akawa mikononi mwangu. Nikileta sababu, anarudi kwa mkewe. Nisipoleta, anakwenda.

Mimi sikwenda kwa mzee na huruma. Nilikwenda na hasira. Walimruhusu mchana kukaa karibu na lango la kituo, kamba mguuni. Nikachuchumaa ng'ambo ya mtaro nikamwambia, "Mzee, ulipatwa na nini? Huwezi kuhesabu? Mtoto wa darasa la kwanza anajua saba!"

"Wewe ni mtu wa Embu au ni mtu wa wapi?" akasema polepole. "Mimi nimefungua nane tangu lango hilo liwekwe. Miaka yote hiyo. Wewe mwanangu unaniuliza kwa nini?"

Kwetu mlimani, upande wa Embu na upande wa Meru, wazee hawaishii saba. Ni namba ya mkosi. Mchungaji hachungi siku saba mfululizo, mtu hahesabu vitu vyake akakomea hapo. Anakomea sita, au anaipita haraka kwenda nane. Nilikuwa nimelijua hilo kabla sijajua kusoma. Mzee alikuwa mkristo wa kweli, lakini mkono wake haukuweza kuacha usukani kwenye saba kama vile mkono wangu hauwezi kushika kaa la moto. Hivyo alizungusha nane, kila jioni, na mzunguko mmoja ulikuwa ukipotea bure ndani ya ile nati iliyolika. Nane yake ilikuwa saba. Zamani, nati ikiwa nzima, kile chombo cha kudhibiti mwendo ndicho kilichouzuia mzunguko wa ziada, na kilipokufa nati ilikuwa imeshalika. Mashine ilikuwa ikienda sawasawa, na hakuna aliyejua. Kisha nikaja mimi na ujanja wangu, nikaondoa ulegevu, nikapaka saba kwa rangi nyeupe, sikumuuliza mtu.

"Mzee, waambie," nikasema. "Waambie tu kwamba ni mila."

"Niwaambie saba?" akasema. "Siku hizi?"

Alisema kweli. Kila mtu alijua kwamba kiapo cha watu wa msituni kilikuwa kinakwenda kwa saba: unauma nyama mara saba, unaonja damu mara saba. Watu wa serikali waliotuchuja kutafuta waliokula kiapo walikuwa wakilisubiri neno hilo tu. Mzee angefungua mdomo kutaja saba kama kitu kizito, wangesema amekula kiapo, basi. Akinyamaza ni mharibifu, akisema ni mla kiapo. Nilitaka kumpiga mtu ngumi, sijui nani.

Nikarudi kibandani nikaanza kazi, maana nilihitaji mikono yangu ifanye kitu. Nikayakusanya yale madini meupe sakafuni, nikayayeyusha kwenye sufuria ya chuma juu ya makaa, nikawa nachovya kijiti kuona kama kinaungua rangi ya kahawia, ndio dalili ya joto la kutosha. Nikaupaka mhimili masizi ili yasigande nao, nikaziba kingo kwa udongo wa mfinyanzi, nikamimina. Halafu inakuja kazi ya kukwangua. Unachanganya masizi na mafuta ya mbarika, unaupaka mhimili, unaulaza kwenye beringi, unaugeuza mara moja, unauinua. Penye alama nyeusi ndipo palipoinuka. Unapakwangua kidogo kwa kisu cha tupa, yaani tupa iliyonolewa, unarudia tena. Mara mia, mara mia mbili. Na muda wote huo kichwani nazungusha kitu kimoja: nitaonyeshaje? Ningekuwa na ile nati kuukuu ningemwita Bwana DO tangini, ningemwambia tazama, nane ya zamani ni hii hapa. Lakini nati kuukuu haikuwepo. Nilikuwa nimeiyeyusha. Ilikuwa ndani ya nati mpya, imeng'aa, haina ushahidi wowote. Niliivurumisha ile tupa ukutani ikavunjika vipande viwili.

Ijumaa mke wa mzee akaja kibandani. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakuwahi kukanyaga pale kabla. Alisimama mlangoni akaogopa kuingia.

"Nimesikia wewe ndiye utasema," akaniambia.

"Nitasema, mama. Sijui watasadiki nini."

"Sema chochote," akasema. "Wanangu wawili wa kiume wameshachukuliwa. Sema chochote, hata kama si kweli, Mungu ataniuliza mimi."

Akaondoka. Hapo ndipo nilipoona la kufanya, na likawa rahisi hata nikashangaa. Ningesema nilimwambia mimi. Kibao kinasema saba, ndiyo, lakini nilimwambia kwa mdomo afungue nane, nilikosea hesabu yangu. Kosa la fundi. Wangenifunga? Labda. Wangenipiga? Hakika. Lakini mimi nilikuwa kijana, na kosa lilikuwa langu hata hivyo, kwa hivyo uongo wenyewe haukuwa mbali sana na kweli. Nilipiga moyo konde. Usiku nililala kama mtoto.

Jumamosi asubuhi mashine ilikuwa tayari. Nilifungua mwenyewe, ikatembea taratibu, beringi baridi hata ungeweza kuibusu. Daktari alinishika mkono akataka kulia. Nikamwambia tuende kituoni sasa hivi, lori halijafika bado.

Lori lilikuwa limefika. Lilikuwa limetoka upande wa Kiirua na watu wanane au tisa wamekaa sakafuni, mikono kichwani. Bwana DO alikuwa mezani chini ya bati, mkubwa wa homugadi amesimama kando yake, mzee mbele yao. Nilivua kofia. Nikasema maneno yangu kama nilivyoyapanga, kwa sauti kubwa, sikutetemeka: mashine imepona, na mzee hana kosa, mimi ndiye niliyemwambia nane, nilikosea, na kama kuna wa kuadhibiwa ni mimi.

Bwana DO aliniangalia. Nadhani alitaka kunisadiki, maana joto lilikuwa kali na karatasi zilikuwa nyingi. Akamuuliza mzee, "Kweli? Fundi nasema wewe fungua nane?"

Sema ndiyo, niliomba moyoni. Mzee wangu, sema ndiyo, neno moja tu.

Mzee alivua kofia yake ya sufi. Niliona nywele zake nyeupe kwa mara ya kwanza nje ya kanisa. Akasema, "Bwana, huyu ni mtoto mzuri, lakini anasema uongo kwa ajili yangu, na mimi siwezi kumwacha aharibikiwe kwa sababu yangu. Hakuniambia nane. Aliandika saba, nami niliisoma. Mimi saba siishii. Tangu utoto siishii hapo. Nilipita nikaenda nane, kama siku zote. Hiyo ndiyo kweli, na Mungu anasikia."

Mkubwa wa homugadi akapiga meza kwa kiganja. "Saba!" akasema. "Bwana umesikia? Saba ni ya kiapo. Huyu amekula."

Hasira zikanipanda, zile zangu, nikasahau niko wapi. "Ebo! Una wazimu?" nikamfokea. "Mtu aliyekula kiapo haiogopi saba tena! Imemtoka, ameshaivuka! Huyu anaiogopa kwa sababu hajala! Huoni?"

Hata watu wa kwenye lori waliinua vichwa. Yule mtu mnene akanijia mpaka pumzi yake ikanigusa uso, akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Na wewe umejuaje kwamba mtu akishakula haiogopi tena?"

Nilijua kwa sababu nilikuwa nimekula. Mwaka mmoja kabla, katika shamba la migomba nyuma ya nyumba ya mjomba wangu huko Embu, niliuma mara saba na kuonja mara saba pamoja na vijana wengine kumi na wawili. Niliporudi nyumbani namba ile ilikuwa imekufa ndani yangu, ikawa namba kama nyingine, na ndiyo maana niliweza kuipaka kwenye kibao kwa rangi nyeupe bila kufikiri hata kidogo. Sababu aliyoitaka Bwana DO ilikuwa hiyo. Nilikuwa nayo mdomoni. Ningeitoa, mzee angeondoka pale akaenda zake, na mimi ningepanda lori mahali pake, pengine nikanyongwa.

Nilifungua mdomo. Sikutoa kitu. Mzee alikuwa ananitazama, na naapa aliona. Akatikisa kichwa taratibu, mara moja, kunikataza. Nami nikashukuru kukatazwa. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba nilishukuru.

"Watu wanasemasema," nikamjibu yule mnene. "Nimesikia tu."

Akanipiga kofi, akataka nami nifungwe kamba. Bwana DO akainua mkono. "Huyu hapana," akasema, anatia sahihi karatasi. "Huyu iko fundi. Kama mimi nachukua huyu, leo nani natengeneza taa?"

Wakampandisha mzee. Hakuweza kuinua mguu kwa sababu ya kamba, nikamshika kiuno nikamsukuma juu mimi mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyejisogeza. Alikuwa mwepesi. Sikumwona tena, walituletea habari mwaka uliofuata kwamba amefia kambini kizuizini, kwa ugonjwa wa tumbo.

Nilishuka kwa njia ya mto ili nisikutane na mtu. Mkewe alikuwa amekaa kando ya njia, na kibuyu cha uji mapajani, amekifunika kwa majani. Alikuwa amemletea wa kunywa akitoka.

"Wamesemaje?" akaniuliza.

"Wamemchukua, mama."

Kisha akaona shavu langu limevimba. "Na wewe ulisema?"

"Nilisema," nikamjibu.

"Asante, mwanangu," akasema. Akafungua kile kibuyu akaninyooshea, kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu wa nyumbani. Nilikuwa sijala tangu jana. Nikaunywa wote, yeye amesimama ananitazama, halafu nikaenda kutazama beringi.